Moshi wa Mlama

Nyumbani, Shinyanga
8 Juni 1952

Mdogo wangu Makoye,

Salamu nakupa, ingawa wewe hukuuliza hali yetu. Tupo. Ng'ombe wapo. Mtama tumeuvuna, michembe ya viazi imekauka vizuri juani, na paa la upande wa mbuzi bado linavuja kama ulivyoliacha.

Tangu tumzike Mayu, mama yetu, nimepata kwako barua moja yenye mistari miwili. "Nimepata habari. Mungu amlaze pema." Hata karani anayedai kodi huandika zaidi ya hapo. Lakini sikuandiki ili nikugombeze. Nimekugombeza kichwani mpaka nimechoka, na sasa sina hasira wala kitu kingine chochote. Naamka, nakamua, nafagia, nalala. Wanawake wa hapa bado wananitazama wakingoja nilie, maana siku ya mazishi sikulia. Nawaonea huruma kwa kuningoja.

Jambo lenyewe ni Baba. Hanywi maziwa.

Unamjua. Kwake asubuhi bila maziwa mgando haijawa asubuhi. Baada ya matanga nilimpelekea kibuyu chake kama kawaida. Akanusa mdomo wa kibuyu, akakiweka chini, akashukuru, "wabeja," akatazama pembeni. Kesho yake hivyo hivyo. Nilidhani ni uchungu wa kufiwa na mkewe. Kumbe ni moshi.

Wewe ulikuwa mgongoni bado, kwa hiyo nakueleza. Baba alipokuwa nyampara wa kufyeka, walipokata msitu wetu wote ili mbung'o wahame na ng'ombe waache kufa, yeye ndiye aliyetangulia akionyesha kwa fimbo: huu, na huu, na ule pale. Walikata mpaka leo unaweza kumwona mbuzi wa jirani akiwa bado yuko kwa jirani mwingine. Baba anasifiwa kwa hilo hadi leo. Lakini Mayu alipita nyuma ya wakataji, akaokota miti ya mlama, akaifunga mizigo mizigo na kuipandisha darini juu ya jiko. Miaka yote hii alikuwa anavunja kijiti kimoja, anakichoma kiwe kaa, anakiingiza kibuyuni na kusugua kuta, kisha anaziba mdomo ili moshi ulale humo. Ndiyo maana maziwa ya kwetu yalikuwa na ladha ya msitu ambao haupo tena.

Siku ya msiba wanawake walitaka kuni za kupikia waombolezaji. Wakaona kuni kavu darini. Nani angeuliza? Waliteremsha zote. Mimi mwenyewe nilipita na chungu nikawaambia, moto mzuri huo.

Nimejaribu mgunga. Nimejaribu magunzi. Ananusa, anaweka chini, anasema wabeja. Anakula uji vijiko viwili vitatu, na mifupa ya mabega imeanza kuonekana chini ya shuka. Hasemi kwamba anataka kufa.

Sasa wewe uko msituni, unakata miti ya mgodi. Tuletee mlama, hata mzigo mdogo. Bi Mwanaima, yule mama wa dagaa na kanga, hupita kwenu Geita akija Mwanza, na kutoka hapo hupanda treni mpaka huku. Mpe yeye.

Na Baba anauliza: bado umeshika neno la Mayu? Siku unaondoka alikuapisha kwamba hutashuka shimoni, maana mtu hai hana haja ya kuingia ardhini kabla hajaitwa. Nimemjibu kwamba umeshika, kwamba uko juu, kwenye miti. Nimekosea?

Dada yako,
Zipora


Kambini, Geita
29 Juni 1952

Dada Zipora, shikamoo.

Barua imefika. Mimi mzima.

Hukukosea. Mwambie Baba niko kwenye miti.

Kuhusu mistari miwili, ni kweli. Nilikaa na karatasi na hiyo ndiyo iliyotoka. Siku habari ilipofika nilikwenda kula. Nilikula ugali wangu na wa mtu mwingine. Nikangoja uchungu uje. Nikafikiri labda umechelewa njiani kama mizigo inavyochelewa. Haujafika mpaka leo. Usiwaambie watu.

Sikuja mazishini kwa sababu ya kazi. Wiki ile kazi ilikuwa nyingi.

Mlama nimepata mmoja. Nimeukata kwa msumeno na kumpa Bi Mwanaima. Alilalamika kwamba dagaa wake watanuka kuni. Nikamwambia aziombee kuni zisinuke dagaa.

Ukitaka kumsimulia Baba msitu wa huku, mwambie una baridi. Miti imesimama karibu karibu, kwa mistari. Maji yanadondoka. Hakuna upepo. Mtu akikaa humo hajui kama ni mchana. Kila tukipita tunagonga mashina na kusikiliza kama bado yana nguvu.

Pantaleo, yule Mzinza wa Buseresere niliyekata naye msumeno mmoja, aliyekuja kwetu likizo akamaliza kuku wako, amekwenda kwao.

Wako,
Makoye


Nyumbani, Shinyanga
17 Agosti 1952

Mdogo wangu,

Kuni zimefika zikinuka dagaa. Nimezianika mpaka paka akaacha kuzifuata.

Sasa nieleze. Ni nani anayekata kuni namna hiyo? Ncha zote mbili bapa kama meza. Upande mmoja una tundu la msumari, na gome lote limepakwa masizi. Miti ya Geita huota na misumari yake? Lakini nilipochanja ndani niliona kweli ni mlama, nikaacha kuuliza.

Nilifukiza kibuyu jana yake, nikakamulia humo, nikangoja yagande. Nilimpelekea Baba asubuhi pale penye ua wa minyaa, anapoota jua. Akanusa. Safari hii hakuweka chini. Akanusa tena, akafumba macho, akanywa funda moja, akakaa nalo mdomoni muda mrefu mpaka nikaogopa kwamba limemkwama. Akameza.

"Zipora," akasema, "Makoye anafanya kazi wapi?"

"Kwenye miti, Baba."

"Ehe," akasema. Kisha akanywa yote mpaka chini, akanirudishia kibuyu. "Wabeja."

Tangu siku hiyo anakunywa kila siku. Mabega yameanza kujaa. Majirani wanasema nimemponya baba yangu, na mimi nasema ndiyo, nimemponya. Kama nilifurahi? Nadhani nilifurahi. Siku hiyo nilisugua masufuria yote ya nyumba hii, hata yaliyokuwa safi.

Ila amepata tabia mpya. Jioni ng'ombe wakiingia anabaki kwenye mlango wa zizi, ametazama upande wa kwenu. Na ananituma maswali. Anataka kujua kuna ndege gani huko. Kuna asali? Majani yakoje mwezi huu? Maswali hayo si yangu, mimi sina haja na majani. Mjibu mzee wa watu.

Na Pantaleo msalimie. Mwambie kuku wamezaana upya.

Zipora


Kambini, Geita
14 Septemba 1952

Dada, shikamoo.

Nimefurahi kwamba Baba anakunywa.

Mjibu hivi. Ndege wapo, wengi. Asali ipo. Majani ni mengi, ya kijani, mazito, tunakaa kivulini siku nzima.

Msumari niliupigilia mwenyewe, wa kutundikia koti. Masizi ni ya moto wa kupikia.

Choma kidogo kidogo, sijui kama nitapata mlama mwingine.

Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa Februari. Nyampara anataka nitie sahihi tena, miaka miwili. Naweza kutia. Naweza nisitie. Nikitazama sioni tofauti.

Makoye


Nyumbani, Shinyanga
12 Oktoba 1952

Makoye,

Baba amecheka. Ni mara ya kwanza tangu msiba, na sikuipenda hiyo sauti.

Nilimsomea barua yako kwenye mlango wa zizi. Nilipofika kwenye majani ya kijani akaniambia nirudie. Nikarudia. "Septemba?" akasema. "Kijani? Kivuli siku nzima?" Akacheka mpaka akakohoa. Anasema mwezi huo pori lote la huko limepukutika, na penye majani machanga ni mekundu, ukiyaona kwa mbali unaita watu waje wazime moto. Anasema mtu aliyelala msituni usiku mmoja tu mwezi huo hawezi kukosea jambo hilo. Kisha akaniuliza kama barua imekwisha. Nikasema inasema habari ya mkataba. Nikamsomea. Hakucheka tena.

Asubuhi akanipa kazi. Nikusanye maziwa ya kibuyu kile kile nilichofukiza kwa kuni zako, niyasukesuke, nitoe siagi, nichemshe samli. Nikamwambia samli ipo ya ng'ombe wote, tele. Akasema hapana, ya kibuyu hicho. Mkono umeniuma kwa kusukasuka. Nimeitia kwenye kibuyu kidogo cha Mayu, kile chenye shanga shingoni, na Bi Mwanaima ndiye anayekuletea pamoja na barua hii.

Maneno ya Baba ni haya: "Mwambie ale polepole, akiwa peke yake." Nikamuuliza hakuna lingine? Akasema hilo linatosha.

Sasa mimi naudhika. Mimi ndiye ninayekamua, ninayefukiza, ninayesoma na kuandika, halafu ninyi wawili mnaongea juu ya kichwa changu. Kama kuna jambo, liandike. Mimi si mtoto, na huzuni ya nyumba hii nimeibeba mwenyewe mpaka siisikii tena uzito.

Zipora


Kambini, Geita
23 Novemba 1952

Dada Zipora, shikamoo.

Barua hii msomee Baba yote. Usiruke kitu.

Samli ilifika. Nilisubiri wenzangu watoke, nikafungua kibuyu cha Mayu, nikachovya kidole. Kwanza nilimwona Mayu. Sisemi nilimkumbuka, nasema nilimwona, amekaa jikoni na kibuyu mapajani. Kisha kikaja kitu kingine nyuma ya ulimi, kichungu. Nilikijua. Ni baruti. Ndipo nikaelewa kwamba Baba amekuwa akinywa baruti kila asubuhi tangu Agosti, na akijua, na akisema wabeja.

Nililia, dada. Nililia mpaka mpishi akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia mama yangu amekufa. Akasema, lini? Nikasema, Aprili. Akaondoka.

Sasa ukweli. Niko shimoni. Ni mwaka wa pili sasa.

Nilipokuja kweli tulikuwa juu, mimi na Pantaleo, na msumeno wetu. Mgodi wetu ni mdogo lakini unakula miti bila kushiba. Tulimaliza kilima cha kwanza, tukamaliza cha pili. Miti ikawa inatoka mbali kwa lori, na sisi wakataji tukaambiwa tuchague: kurudi nyumbani, au kushuka chini kusimamisha nguzo. Tulishuka. Nilijiambia bado nafanya kazi kwenye miti. Na dada, ukiingia humo na taa utaona kwamba si uongo kabisa. Msitu wote tulioukata umesimama kule chini, umeshika mwamba kichwani. Mashina na magome yake yapo. Hata harufu yake ipo kidogo, penye unyevu. Kilichokosekana ni majani tu. Nilipokuandikia habari za miti iliyosimama kwa mistari na maji yanayodondoka, nilikuwa nasema ninayoyaona.

Pantaleo hakwenda kwao. Amekufa Aprili, wiki ile ile ya Mayu. Miti migumu ilikuwa imepungua, tukawa tunasimamisha laini. Nguzo moja ilipasuka, mwamba ukashuka. Habari ya Mayu nilisomewa nimesimama kwenye mdomo wa shimo, mikono ina udongo, tunamfukua. Nikasema nimesikia, nikarudi chini. Ndiyo kazi niliyokuambia ilikuwa nyingi. Tulipomtoa nilikwenda kula. Tangu hapo nikawa sisikii kitu, si kwa ajili yake wala kwa ajili ya Mayu.

Kuni nilizokuletea ni nguzo iliyokuwa kando ya ile iliyopasuka. Ilikuwa ya mlama. Ilibaki imesimama. Njia ile ilipofungwa nguzo zilizobaki zilitolewa, nikaomba hiyo, nikaikata vipande. Imekaa humo ikivuta moshi wa baruti zamu kwa zamu. Niliisugua kwa mchanga, nikadhani imetoka.

Nimevunja neno la Mayu. Msumari ulikuwa wa kutundikia taa. Ndege hakuna.

Kibuyu bado kina samli. Nachovya kidole asubuhi kabla sijashuka.

Makoye


Nyumbani, Shinyanga
4 Januari 1953

Mdogo wangu Makoye,

Nimemsomea yote. Nilipofika kwa Pantaleo niliishusha barua, nikaona aibu kwa salamu zile za kuku. Baba akaninyooshea kiganja ningoje, kisha akasema endelea.

Nilipomaliza nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua tangu funda la kwanza. Walipopasua mwamba wa lambo alikuwa kibarua pale, na ladha ya baruti ilikaa kwenye chakula chao msimu mzima. Nikamuuliza, sasa Baba, kwa nini ulikunywa? Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua.

"Ningekataa, ungemwandikia asilete tena," akasema. "Na asipoleta, mimi nitajuaje kama yu hai?"

Nilikaa chini, Makoye. Miezi yote nilidhani namlisha.

Habari ya kiapo anasema hivi: aliyekuapisha ni Mayu, naye Baba anamjua Mayu, atakuwa ameshakugombeza na kumaliza. Yeye hana la kukuambia kuhusu kushuka chini, maana ndiye aliyemaliza miti juu.

Sasa sikia alilofanya, nami sijui nicheke au nimfungie ndani. Mvua zilichelewa, wakaita watu kumalizia kufyeka machipukizi. Unajua amri ilivyo: kila kisiki kinachochipua kikatwe, asiyekata anaitwa barazani. Baba amekuwa wa kwanza kwa kazi hiyo maisha yangu yote. Safari hii alikwenda na panga lake, akarudi na panga safi. Jioni nikamwona anaburuta matawi ya miiba kwenda mwisho wa ngitili yetu, pale tunapowatunzia ng'ombe majani ya kiangazi. Kuna kisiki pale. Kimetoa chipukizi, na chipukizi ni mlama. Amelizungushia miiba pande zote.

Kesho yake akaja Eustace, ndiye nyampara siku hizi, kijana mwenye koti. Akauliza kwa heshima, shikamoo mzee, miiba hii ya nini? Baba akasema ni boma la ndama.

"Ndama yuko wapi, mzee?"

"Hajazaliwa."

Eustace akatazama miiba, akamtazama Baba aliyemfundisha kushika panga, akaaga. Mimi nilisema, Baba, utaitwa barazani mwenyewe, wewe wa kuitwa kwa kosa la mti! Akasema mbung'o hawezi kuhamia kwenye mti mmoja.

Kuni zako kimebaki kipande kimoja, kile chenye tundu la msumari. Amenikataza kukichoma. Amekipandisha darini mwenyewe, mahali pa kuni za Mayu, ngazi ikitetemeka na mimi nimeishika miguu yake. Kwa hiyo kibuyu hakijafukizwa tena. Maziwa anakunywa hivyo hivyo, matupu. Amekonda kidogo, ila usiogope.

Maneno yake kwako ni haya, ameniambia niandike kama alivyosema: "Asilete kuni tena. Aje mwenyewe."

Sahihi ya mkataba usitie. Hilo ni langu, hajanituma.

Dada yako,
Zipora


Buseresere
15 Februari 1953

Baba yangu, shikamoo.

Nakuandikia wewe leo, Dada atakusomea.

Sikutia sahihi. Nyampara aliniuliza mara mbili. Nikamwambia baba yangu ameniita. Amenihesabia siku zilizobaki nizimalizie juu, kwenye malori yanayofuata miti upande wa Biharamulo. Ndiyo maana niko Buseresere. Nimemletea mama yake Pantaleo msumeno wetu. Aliupokea kwa mikono miwili, akanipikia. Aliniuliza mwanawe alikuwa anasema nini kazini. Nikamwambia alikuwa anasema habari za kuku wa dada yangu. Alicheka, Baba, kisha tulilia pamoja, na haikuwa vibaya.

Uliniuliza maswali nikakujibu uongo. Sasa nayajibu nikiwa nimekaa humo msituni, mgongo kwenye mti.

Ndege. Nimesikia hondohondo asubuhi, na mwingine mdogo nisiyemjua jina, anapiga kelele tangu nilipokaa, nadhani nimekaa karibu na kiota chake. Asali bado, lakini mizinga imetundikwa na nyuki wanaingia. Majani ni ya kijani, mwezi huu ni kweli, waweza kumuuliza mtu yeyote. Chini kuna uyoga. Upepo upo, unapita juu, hauniteremkii. Mchana naujua kwa mwanga unaohama kwenye magoti yangu.

Milama ipo. Nimechuma mbegu zake, zile zenye mabawa manne, nimezifunga kwenye leso. Najua ni kosa kuzileta Shinyanga. Tutaziweka ndani ya boma la ndama.

Nitapanda treni Mwanza Jumamosi, mwisho wa mwezi huu. Usije stesheni, ni mbali. Ningoje pale pale kwenye mlango wa zizi.

Mwanao,
Makoye


Nyumbani, Shinyanga
26 Februari 1953

Mdogo wangu,

Barua hii nampa Bi Mwanaima akutafute stesheni Mwanza kabla hujapanda treni. Sitaki ushuke huku ukiita Baba kwa mbali kama ulivyozoea.

Baba amefariki wiki iliyopita. Hakuugua. Alikunywa maziwa yake asubuhi, akaenda kutazama miiba yake, akarudi akakaa kwenye mlango wa zizi. Ng'ombe walipoingia jioni walimpita pembeni mmoja mmoja, wakageuza vichwa, ndipo nikajua. Baba wadogo wamemzika zizini, kama wanavyozikwa wakubwa wa kwetu. Tusingeweza kukungoja, joto lilikuwa kali.

Barua yako ilifika baada ya mazishi. Nilikwenda nayo zizini, nikamsomea kwa sauti, hondohondo na uyoga na vyote. Watu waliona nimerukwa na akili. Nilipomaliza niliikunja nikarudi jikoni. Sikulia. Nilijua sitalia, kama kwa Mayu, na wanawake walishachoka kunitazama.

Lakini kuna jambo nataka ulijue kabla hujafika. Siku ya kumaliza matanga, waombolezaji walipojaa tena, kuni za uani zililowa mvua. Nikiwa nakanda unga nikasikia mtu anasema, tazameni darini, mle huwa kuna kuni kavu. Paskazia, jirani yetu, akawa ameshapanda ngazi, mkono uko juu. Niliacha unga. Sijui niliruka vipi. Nilimshika mguu nikamwambia, si hicho, teremka, pikieni hata milango ya nyumba hii, si hicho. Nikapanda mwenyewe, nikakishika kipande kile, kidole kikaingia kwenye tundu la msumari, na hapo ndipo nilipolia. Nilimlilia Mayu na Baba na huyo Pantaleo, juu ya ngazi, mbele za watu. Paskazia ndiye aliyenishikia miguu.

Waombolezaji walikula ugali mbichi. Hawakulalamika.

Asubuhi hii nimebandua kijiti kimoja kutoka kwenye kipande hicho, kimoja tu. Nimekichoma kikawa kaa, nimefukiza kibuyu cha Baba, nimeziba mdomo. Sijakijaza. Chipukizi lipo, lina majani, na Eustace jana alipita akaongeza tawi la miiba.

Fika jioni wakati wa kukamua. Kaa pale kwenye mlango wa zizi, nitakuletea kibuyu. Utasikia baruti kidogo. Unywe mpaka chini.

Dada yako,
Zipora